R100GS ya 1992 au R1250GS ya 2019: ipi itawabeba wawili hadi Lusaka?

Swali: Fundi, habari za kazi. Niko Arusha, nina miaka 47. Nimeendesha pikipiki tangu ujana ila ndogo tu, sijawahi kuzidi cc 250. Mwakani mimi na mke wangu tunataka kwenda Lusaka kwa pikipiki kupitia Dodoma, Iringa, Mbeya na Tunduma, na Mungu akijalia siku nyingine tufike Cape Town. Nimepata BMW mbili zinazouzwa. Moja ni R100GS ya 1992, imetunzwa vizuri, kabureta mbili, haina kompyuta. Nyingine ni R1250GS ya 2019, imetembea kilomita 41,000, na bei yake ni karibu mara mbili. Wazoefu wa hapa wananiambia injini za zamani hazifi na zinavuta kutoka chini, na kwamba za sasa ni kompyuta tupu, zitatulaza porini. Mdogo wangu anasema kinyume kabisa. Nichukue ipi?

Jibu: Ndugu yangu, salama. Kwa safari hiyo, watu wawili na mizigo, nunua ya 2019, alimradi ipite ukaguzi nitakaoueleza. Ungeniambia unakwenda peke yako na unapenda kushika spana mwenyewe jioni, ningekujibu vingine. Wazoefu wa Arusha wana hoja, lakini wamechanganya mambo mawili ambayo ni lazima tuyatenganishe: injini inavyofanya kazi ikiwa barabarani, na injini inavyotengenezeka ikiharibika. Katika jambo la pili wana haki kubwa. Katika la kwanza, hapana.

Kwanza uzijue pikipiki zenyewe. Zote mbili zimejengwa kwa wazo moja: silinda mbili zimelala, moja kulia na moja kushoto, zimechomoza nje ili zipigwe na upepo, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa propela badala ya cheni. Injini ya R100GS ina asili yake mwaka 1969, BMW ilipotoa R50/5, R60/5 na R75/5. Mwaka 1980 ikaja R80 G/S, na mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris–Dakar. R100GS ilitoka 1987, na injini za aina hiyo zikaacha kutengenezwa 1996. Kwa hiyo hiyo ya 1992 ilizaliwa mwishoni, wahandisi wakiwa wameshairekebisha kwa zaidi ya miaka 20. Wengi husahau kwamba na R1250GS ni hivyohivyo: ilitangazwa 2018, lakini imejengwa juu ya injini ya kupozwa kwa maji iliyoanza na R1200GS ya 2013. Huchagui kati ya kilichokomaa na cha majaribio. Zote mbili zimekomaa, kila moja kwa namna yake.

Sasa hili la kuvuta kutoka chini. R100GS ina cc 980, nguvu farasi 60, na nguvu yake ya kuvuta inafika kileleni, Nm 76 (Nm ndicho kipimo cha nguvu hiyo), kwenye mizunguko 3,750 kwa dakika. Ukiwa gia ya tano kwa kilomita 100 kwa saa, injini inazunguka kama mara 3,800 kwa dakika. Yaani kwenye mwendo ambao msafiri wa kawaida hukaa kutwa nzima, injini iko palepale inapovuta vizuri kuliko popote. Ndiyo maana aliyeipanda anakwambia haichoki, haisumbui, ukigusa resi tu inaitika. Anasema kweli. Lakini alikuwa akiilinganisha na pikipiki za Kijapani za silinda nne za miaka ya 1980, ambazo bila kuzungushwa sana hazikupi kitu, na hapo R100GS ilishinda kwa haki.

Hiyo ya 2019 ni habari nyingine. Ina cc 1,254, nguvu farasi 136 na Nm 143 kileleni. Kilele hicho kiko juu, kwenye mizunguko 6,250, na mtu akisoma namba hiyo peke yake anaweza kudhani injini haina kitu chini. Angalia namba ya pili: kuanzia mizunguko 2,000 hadi 8,250 haishuki chini ya Nm 110. Maana yake, ikiwa imetoka tu kwenye mwendo wa kusubiri, inavuta zaidi ya R100GS ikiwa kwenye ubora wake wote. Kama kuvuta kutoka chini ndicho kigezo cha wazoefu wako, kwa kigezo chao wenyewe pikipiki mpya inashinda kwa mbali.

Nikueleze inavyowezekana, maana hapa ndipo uhandisi wa miaka hii umenifurahisha. Kamshafti inayofungua valvu za kuingiza hewa ina nundu mbili kwa kila valvu, moja fupi na moja ndefu. Ukienda polepole, zinafanya kazi nundu fupi, valvu zinafunguka kidogo, na valvu mbili za kila silinda hazifunguki sawasawa, hivyo mchanganyiko wa hewa na petroli unaingia ukizunguka na kuungua vizuri hata kama ni kidogo. Ukikaza mkono, au mizunguko ikipanda, kamshafti inasogezwa pembeni kwa pini na nundu ndefu zinachukua kazi. Injini za zamani zilichongwa nundu moja tu, na mhandisi alilazimika kuchagua: avute chini au akimbie juu. Waliobuni ya R100GS walichagua chini. Leo si lazima kuchagua. Faida nyingine ni mafuta: kipimo rasmi cha R1250GS ni lita 4.75 kwa kilomita 100, na R100GS ikiwa imeseti vizuri huenda kwenye 6 hivi.

Tuje kwenye mzigo, ambao ndio umeamua jibu langu. R1250GS tanki likiwa limejaa ina kilo 249, na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilo 465. Zinabaki kilo 216 za kugawana wewe, shemeji, masanduku na vilivyomo. Usizizidishe. R100GS yenyewe ni nyepesi, kilo 210 hivi, na ukiwa peke yako wepesi huo ni raha tupu, hasa kwenye mchanga na matope. Lakini mkiwa wawili, mzigo wenu unakuwa sawa na uzito wa pikipiki nzima, na nguvu farasi 60 zinabaki zilezile.

Fikiria njia yako yenyewe. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari. Unapita Babati na Kondoa, unateremka Dodoma kwenye mita 1,100 hivi, kisha unaendelea kushuka hadi bwawa la Mtera, karibu mita 700. Pale joto ni la bonde, upepo wenyewe ni wa moto. Halafu, ndani ya mwendo wa saa mbili hivi, unatakiwa upande Nyang'oro hadi Iringa, zaidi ya mita 1,500, na mara nyingi mbele yako kuna lori linalotambaa.

Injini ya kupozwa kwa upepo inapata shida hapo kwa sababu ambayo haina uhusiano na umri wake. Joto linalozalishwa linafuata kazi inayofanyika. Upoaji unafuata kasi ya upepo. Kwenye mlima nyuma ya lori, kazi iko juu kabisa na upepo uko chini kabisa. Oili ndiyo inayobaki kubeba joto, na oili ikizidi kuchemka inakuwa nyepesi, ngozi yake kwenye beringi inapungua. Wakati huohuo valvu za kutolea moshi ndizo zinazoungua zaidi. Ukiwa na R100GS mkiwa wawili, usiuvute mlima huo kwa gia ya juu ukisema injini inavuta. Shusha gia mapema, iache izunguke, punguza resi. Ukisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, petroli inalipuka kabla ya wakati wake: punguza mzigo mara moja. Ukifika juu, usiizime hapohapo, tembea nayo taratibu kilomita chache upepo uitoe joto.

Kwenye R1250GS maji yanapita sehemu ile yenye moto zaidi, kichwani mwa silinda, na sehemu nyingine inapozwa kwa oili na upepo kama zamani. Nyuma ya lori feni inawaka yenyewe. Kwa kuwa joto linashikwa lisizidi, wahandisi wameweza kukandamiza mchanganyiko mara 12.5 kabla ya kuulipua, wakati R100GS inakandamiza mara 8.5 tu. Hapo ndipo sehemu ya nguvu na ubanaji wa mafuta inapotoka. Gharama yake ni kwamba injini hiyo inataka petroli nzuri, ya okteni 95. Ikinyweshwa hafifu ina sensa inayosikia mlio ule wa kokoto kabla hujausikia wewe, inachelewesha cheche, na inakubali kupoteza nguvu kidogo ili isijiumize. R100GS haina sensa yoyote, ila kwa ukandamizaji wake mdogo inakunywa karibu kila petroli utakayoikuta kwenye madumu ya vijijini. Kwa mtu anayekwenda mbali na barabara kuu, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna urefu kutoka usawa wa bahari. Iringa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko pwani, na kila injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho. Sitini inakuwa kama hamsini. Ile ya 136 inabaki na zaidi ya 110. Kwenye R1250GS, ambayo petroli yake inapulizwa kwa sindano badala ya kabureta, kompyuta inapima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Kabureta za Bing zilizo kwenye R100GS zinajirekebisha kiasi, kwa kuwa pistoni yake inanyanyuliwa na mvuto wa hewa, lakini si kikamilifu: utakuta plagi zimekuwa nyeusi na ulaji wa mafuta umepanda. Kwa muda wa safari haiui injini. Isikuogopeshe.

Breki nitazigusa tu, ingawa hukuniuliza. R100GS ina diski moja mbele na breki ya ngoma nyuma, bila ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki. Kwa mtu mmoja inatosha. Ukirudi unashuka Nyang'oro na mke nyuma na masanduku yamejaa, mimi binafsi ningependa ziwepo diski mbili na ABS.

Sasa upande ambao wazoefu wako wana haki.

Injini ya zamani ikianza kuumwa, mara nyingi inakuambia. Kabureta ikipasuka kiwambo chake cha mpira, upande mmoja unadhoofika lakini pikipiki inatembea. Mirija ya pushirodi, zile fimbo za chuma zinazosukuma valvu, ikichoka sili zake, unaona oili inalowesha chini ya silinda wiki nyingi kabla ya tatizo kubwa. Tapeti zikilegea zinagonga, unazisikia. Hata chaji ikikatika, na kwenye injini hizi rota na bodi ya dayodi ni ugonjwa unaojulikana, taa nyekundu inakuwakia na betri iliyojaa inakupeleka mji unaofuata ukizima taa kubwa mchana. Na ukifika mji huo, fundi yupo. Valvu za R100GS zinasukumwa kwa pushirodi, utaratibu uleule wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo ndiyo mama wa hizo SanLG na nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu. Kijana anayeseti tapeti za bodaboda chini ya mwembe pale Makambako anaweza kuseti na za R100GS. Mwambie tu kipimo, milimita 0.10 za kuingiza na 0.20 za kutoa, injini ikiwa imepoa, na mbebee fila yako mwenyewe, bamba jembamba la kupimia nafasi, maana wengi hupima kwa mkono.

Pikipiki mpya haiharibiki hivyo. Inakwenda miaka bila neno, halafu siku moja haiwaki. Betri ikifa, hakuna kusukuma ukaachia klachi. Kama funguo yake ni ile ya redio, betri yake ndogo ikiisha au antena ikigoma, pikipiki haikutambui. Swichi ya stendi ikijaa matope inaamini stendi iko chini na inakatalia kuwaka. Jiwe likitoboa rejeta, na rejeta zake ziko mbele pembeni zikitazama barabara, safari imesimama mpaka zibwe. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachotokana na injini yenyewe kuwa dhaifu. Chuma ndani ni bora kuliko cha 1992. Udhaifu uko kwenye vitu vinavyoizunguka, na uzuri ni kwamba karibu vyote vinazuilika kabla ya kuondoka: betri mpya, kifaa kidogo cha kubusti kinachokaa mfukoni, betri ya akiba ya funguo, wavu wa chuma mbele ya rejeta, gundi ya epoksi ya kuzibia.

Ndiyo maana nasema usemi kwamba injini za zamani hazifi unahitaji kupimwa upya. R100GS zinazoonekana leo ni zile zilizopata wamiliki waliozijali. Zilizoendeshwa bila oili, zilizochomwa valvu, zilizovunja propela, ziliuzwa vyuma chakavu zamani, hukutani nazo. Injini ile inaishi sana kwa sababu inaguswa mara kwa mara. Inataka tapeti ziangaliwe kila kilomita 8,000 hivi, kabureta zilinganishwe, meno ya shafti ya giaboksi yapakwe grisi. Anayekuuzia akikuambia haijafunguliwa miaka kumi na bado inaunguruma, anakueleza deni utakalolipa wewe.

Linganisha na R1250GS: sevisi kila kilomita 10,000, na valvu zinakaguliwa kila 20,000. Kwenda Lusaka na kurudi ni kama kilomita 4,300. Ukianza na sevisi mpya, hakuna pikipiki kati ya hizi itakayohitaji kufunguliwa njiani. Cape Town ni kilomita 10,000 na ushee kwenda na kurudi, na hapo R100GS itataka ufungue vifuniko vya valvu ukiwa safarini. Ni kazi ya saa moja ukishaizoea, na kuna watu wanaipenda kuliko kuendesha. Jiulize kwa uaminifu kama wewe ni mmoja wao, na kama shemeji atafurahi kukaa chini ya mti saa hiyo.

Oili nayo uielewe, kwa sababu kosa la oili ndilo linaloharibu safari nyingi na halihusiani na uzee. Klachi ya R100GS ni kavu, iko nje ya oili ya injini. Kwa hiyo ukiishiwa njiani, 20W-50 ya gari au hata ya lori itakufikisha. Klachi ya R1250GS inaogelea kwenye oili ya injini. Ukimimina oili ya gari ndogo yenye viungo vya kupunguza msuguano, klachi itaanza kuteleza, na utadhani injini imekosa nguvu kumbe ni klachi. Inataka 5W-40 yenye alama ya JASO MA2. Hiyo huipati kila duka la vipuri. Beba lita moja kutoka Arusha na iweke chini kabisa ya sanduku.

Umeme pia unatofautiana kuliko watu wanavyodhani. R100GS inazalisha chini ya wati 300, tena si kwenye mizunguko ya chini. Taa kubwa, simu mbili, ramani na taa za ziada, ukikwama kwenye foleni ya malori kule Tunduma, betri inashuka badala ya kupanda. R1250GS inazalisha wati 510.

Ukiniruhusu nitoke nje ya swali lako kidogo: kama ungenipa hiari ya kuchagua pikipiki yoyote ya ukoo huu kwa mtu wa Afrika Mashariki asiyetaka shida, ningekutafutia R1200GS ya kati ya 2010 na 2012. Hiyo ndiyo ya mwisho kupozwa kwa upepo na oili bila rejeta ya maji. Ina cc 1,170, nguvu farasi 110, Nm 120, sindano za petroli zinazojirekebisha na urefu wa mahali, na klachi kavu. Haifikii ya 2019 kwa utamu, lakini vitu vya kutobolewa na jiwe ni vichache. Ikitokea Nairobi au Dar yenye historia safi, nipigie picha kabla hujalipia kitu. R1150GS za kuanzia mwaka 1999 nazo ni imara, ila zina tabia ya kusitasita ukishikilia resi mahali pamoja, na nyaya za sensa iliyo mbele ya krenki huchanika ngozi kwa joto. Pikipiki ile nayo ilikuwa na kilo 249, sawasawa na yako ya 2019, kwa nguvu farasi 85. Ukiweka namba hizo mbili pamoja unaona wahandisi wamefanya nini kwa chini ya miaka 20.

Turudi kwenye hizo ulizonazo mkononi. R1250GS ina kilomita 41,000, na namba hiyo inazungumza: ukaguzi wa valvu wa 40,000 ama umefanyika juzijuzi ama umerukwa, na muuzaji anaiuza ili asiulipie. Dai karatasi. Kama haipo, pata bei ya kazi hiyo kwa fundi anayeijua, maana valvu zake hazisetiwi kwa skrubu, zinabadilishwa vidonge vya chuma vya unene tofauti, na ondoa gharama hiyo kwenye bei. Kisha tafuta mtu mwenye kifaa cha GS-911, kinatengenezwa Afrika Kusini na wasafiri wengi wa BMW wanacho, akiunganishe mbele yako asome makosa yaliyohifadhiwa. Muuzaji akikataa kifaa kisiunganishwe, ondoka. Omba funguo zote mbili. Angalia rejeta kwa tochi, mapezi yaliyolala ni ya kawaida, alama za maji zilizokauka si za kawaida. Fungua mpira wa propela upande wa difu, uangalie kama kuna maji au kutu, na ukumbuke kumwaga na kubadilisha oili ya difu hata kama anakuapia imebadilishwa. Fika asubuhi kabla hajaiwasha: shika silinda kwa mkono, ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha.

Ukiamua kuifuata R100GS pamoja na yote niliyosema, sitakugombeza, ni pikipiki ninayoipenda. Lakini weka fedha pembeni kwa ajili ya propela. Viungo vyake vya nyuma na mbele vimefungwa kiwandani, havina pa kutia grisi, na kwenye aina hii ndivyo vinavyojulikana kwa kukatika. Nyanyua nyuma, zungusha gurudumu taratibu kwa mkono: ukihisi mahali panapokwama, kiungo kimekwisha. Shika gurudumu juu na chini ulitikise, lisicheze. Iwashe usiku, uone taa ya chaji inazima kwenye mizunguko mingapi. Badilisha viwambo vya kabureta na mipira ya kuunganishia hata kama inaonekana mizima, kwa sababu mpira wa 1992 hauaminiki. Na nunua rota moja ya akiba, ni ndogo, inakaa chini ya kiti.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita nami nisingependa lipite. Hujawahi kuzidi cc 250. R1250GS kiti chake kiko sentimita 85 kutoka chini kikiwa kimeshushwa, na kilo 249 zikianza kuinama ukiwa umesimama na mtu nyuma, huzizuii kwa nguvu. Kabla ya safari, jizoeze peke yako kuzunguka uwanjani kwa mwendo wa kutembea, kisha ukiwa na shemeji, kisha na masanduku yamejaa. Jizoeze kuinua pikipiki iliyolala. Itawalalia tu siku moja, na silinda ndizo zitakazogusa chini kwanza, kwa hiyo funga vikinga vya silinda sasa na ubebe gasketi ya kifuniko cha valvu ya akiba.

Halafu fanyeni safari ya majaribio, Arusha hadi Kondoa na kurudi, mkiwa na mzigo uleule wa Lusaka, chupa za maji na vyote. Mkirudi, angalia kiwango cha oili kikiwa kimetulia, angalia presha ya tairi ya nyuma, pitisha kidole chini ya difu uone kama kuna unyevu. Muulize shemeji mgongo unasemaje. Jibu lake lina uzito sawa na la difu. Ukishapata namba za makosa kutoka kwenye GS-911, niandikie zote kama zilivyo, hata zile ambazo muuzaji atakwambia ni za zamani, nikuambie zipi za kufuta na zipi za kukufanya ushushe bei.